Umeumwa na wadudu na unawashwa? Unachoweza kufanya nyumbani, na wakati wa kwenda kituo cha afya

Msimu wa mvua ukifika katika makazi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja, mbu huongezeka na watu wengi huamka asubuhi wakiwa na vipele mikononi, miguuni na usoni. Kwa mtu mzima mara nyingi hii ni kero tu. Kwa mtoto mdogo mambo yanaweza kuwa mazito zaidi. Anajikuna usiku kucha, ngozi inachubuka, na baada ya siku chache kipele kilichokuwa kama punje ya mtama kinageuka kidonda chenye usaha.

Njia zinazosaidia zaidi kutuliza mwasho hazina gharama kubwa, na nyingine ni bure kabisa. Lakini baadhi ya vitu ambavyo watu wanapaka, au wanavyouziwa kwenye maduka ya senta, vinaumiza ngozi kuliko mbu mwenyewe. Na kuna miwasho ambayo haikutokana na kuumwa na mdudu usiku uliopita. Hiyo hata ukipaka nini nyumbani haitaisha. Makala hii inakusaidia kutofautisha, iwe wewe ni mkimbizi au mwenyeji, kwa sababu mbu na kunguni hawaulizi kitambulisho.

Kwa nini panawasha?

Mbu anayeuma ni jike. Anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Anapotoboa ngozi anaingiza mate yanayozuia damu kuganda, apate kunyonya bila shida. Mwili wako unayatambua mate hayo kuwa kitu kigeni na unatoa kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayofanya ngozi ivimbe na kuwasha. Kwa hiyo mwasho unatoka ndani ya mwili wako wenyewe. Hakuna sumu iliyojificha chini ya ngozi inayosubiri kutolewa, na hakuna sababu ya kukikamua kipele, kukichanja kwa wembe au kukichoma.

Hili linaeleza pia kwa nini watoto wadogo na watu waliofika karibuni huvimba zaidi. Mtu aliyetoka milimani kwenye baridi, ambako mbu ni wachache, mwili wake haujazoea. Jirani yake aliyekaa miaka kumi karibu na ziwa huenda haoni hata alama. Haina maana kwamba huyu wa kwanza ana "damu tamu" au kwamba amerogwa.

Ukijikuna unapata nafuu ya dakika moja, kisha mwasho unarudi ukiwa mkali zaidi, kwa kuwa kukwaruza kunaichokoza ngozi na kuifanya ivimbe tena. Mbaya zaidi ni kucha. Chini ya kucha kuna uchafu na vijidudu, na ngozi ikishachanika vinapata mlango wa kuingia. Ile tabia ya kuchora msalaba kwa ukucha juu ya kipele, ambayo wengi tulifundishwa utotoni, ndiyo njia ya haraka ya kufungua mlango huo. Kupaka mate ya mdomoni nako hakufai. Mdomo una bakteria wengi.

Anza na maji, sabuni na ubaridi

Osha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, hata ile ya kipande unayofulia, mradi uisuuze vizuri. Kausha kwa kupapasa, usisugue. Kisha weka kitu cha baridi. Ubaridi hupunguza uvimbe na hufanya mishipa ya fahamu ya ngozi itulie. Wengi wetu hatuna friji wala barafu, lakini mtungi wa udongo unatosha. Maji yanapenya polepole kwenye udongo na kukauka nje, na kwa kufanya hivyo yanapoza yale yaliyobaki ndani. Chovya kitambaa safi au kipande cha kitenge kwenye maji hayo, kamua, kisha kiweke juu ya kipele kwa dakika 10. Rudia kila unapohitaji. Kama huna mtungi, acha maji kwenye jerikani kivulini usiku na uyatumie alfajiri yakiwa bado baridi. Mtoto aliyeumwa sehemu nyingi mwogeshe kwa maji ya baridi kiasi kabla ya kulala. Maji ya moto hufanya ngozi iwashe zaidi baadaye.

Mwasho ukikujia kwa nguvu, bonyeza mahali hapo kwa kiganja au kwa ubapa wa kidole kwa muda, au pigapiga kidogo juu ya nguo. Inasaidia kuliko unavyofikiri. Wakate watoto kucha ziwe fupi, na mtoto mchanga mvalishe soksi mikononi usiku. Hatua hii ya kucha na soksi watu wengi wanaiona ndogo mno, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayozuia vidonda vingi kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Ngozi kavu nayo huwasha zaidi. Vaselini isiyo na manukato, au mafuta ya kula kama mawese kidogo, hulainisha ngozi ambayo haijachubuka. Hayatibu kuumwa, yanapunguza tu hamu ya kujikuna.

Vitu vya jikoni na shambani: vipi vinafaa?

Soda ya kupikia, ile unga mweupe unaotiwa kwenye maandazi, inafaa. Changanya kijiko kimoja na matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, paka juu ya kipele, iache dakika 10, kisha osha. Usipake kwenye jeraha lililo wazi. Na tafadhali usichanganye na magadi. Magadi ni makali zaidi na yanaweza kuunguza ngozi, hasa ya mtoto. Majivu pia ni makali kwa sababu hiyo hiyo.

Mshubiri, ambao wengi wanauita alovera, hupandwa kando ya nyumba nyingi. Sehemu inayotuliza ni ule ute mweupe unaopitisha mwanga katikati ya jani. Ukikata jani utaona kwanza maji ya njano yakitoka karibu na ganda. Hayo yanaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo lisimamishe jani wima yachuruzike yote, osha, kisha menya na upake ule ute wa ndani tu. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Ikiwaka, acha.

Asali ina uwezo wa kuzuia bakteria, na kupaka kidogo kwenye kipele kilichokwaruzwa si vibaya, ila inanata na kuwaita sisimizi, jambo ambalo kwa mtu anayelala chini kwenye mkeka si dogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa. Inaweza kumletea ugonjwa hatari.

Chai ya rangi iliyopoa, yaani kitambaa kilichochovywa ndani yake, hutuliza kidogo, lakini kazi kubwa hapo inafanywa na ubaridi. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa watu wengi huyatumia kuoshea ngozi, na kwa kuoshea tu kwa kawaida hayana madhara. Usinywe na usimnyweshe mtoto. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru sana watoto wachanga walionyweshwa. Kuhusu maganda ya ndizi, kama yangekuwa dawa ya mwasho basi wilaya nzima ya Isingiro isingekuwa na mtu anayejikuna. Hayadhuru, lakini usitegemee mengi.

Vitu ambavyo usipake

Mafuta ya taa na petroli. Vinaunguza ngozi, mvuke wake unaumiza mapafu, na mtoto akilamba mkono wenye mafuta hayo na kikohozi kikamshika, yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Zaidi ya hayo, mtu aliyepakwa mafuta ya taa akikaa karibu na moto wa kupikia ndani ya nyumba ya turubai ni hatari kwa kaya nzima.

Dawa ya kunyunyizia nyanya, maharage au mifugo. Tunajua inauzwa kwa vipimo vidogo kwenye chupa za soda zisizo na maandishi, na wengine huipaka mwilini au kuimwaga kitandani ili kuua kunguni. Baadhi ya dawa hizi hupita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Mtu aliyepata sumu hii hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, hutetemeka, na pumzi inakuwa ya shida. Ukiona dalili hizo mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku ukijikinga mikono, na mkimbize kituo cha afya pamoja na ile chupa.

Ndimu na limau. Juisi yake ikibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, inaweza kusababisha malengelenge na madoa meusi yanayokaa kwa wiki nyingi. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza. Dawa ya meno inaleta ubaridi kwa muda mfupi, lakini kwenye ngozi iliyochubuka inachoma na kuchelewesha kupona. Kinyesi cha ng'ombe na udongo juu ya kidonda vinaweza kuleta pepopunda. Kijiko kilichotolewa kwenye chai inayochemka na kubandikwa juu ya kipele, hilo nalo liache. Kinachobaki mara nyingi ni alama ya moto.

Na kuna krimu kali. Hizi zinahitaji maelezo kidogo kwa sababu zinavutia, mwasho unaisha siku ya kwanza. Ukiona kwenye boksi maneno kama betamethasone au clobetasol, hiyo ni dawa kali ya aina ya steroidi. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wengine huitumia kujing'arisha ngozi. Ina matumizi yake ikiandikwa na mhudumu wa afya kwa siku chache. Ukiipaka kila mara unapowashwa, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika kirahisi. Kama tatizo lako ni fangasi au ugonjwa wa upele, krimu hiyo itauficha ugonjwa huku ukiendelea kuenea chini kwa chini. Mhudumu atakayekupima baada ya mwezi atapata shida kuutambua.

Ukiwa na pesa kidogo za kwenda duka la dawa, vitu viwili vina maana. Cha kwanza ni losheni ya kalamaini, ile ya rangi ya waridi, ambayo hukauka juu ya ngozi na kupoza. Cha pili ni vidonge vya kuzuia histamini kama klorofeniramini, maarufu kwa jina la Piriton, au setirizini. Klorofeniramini inaleta usingizi mzito, kwa hiyo usiendeshe bodaboda wala kunywa pombe ukiwa umeimeza. Watoto wadogo, mama wajawazito na wanaonyonyesha wasipewe kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Antibiotiki haina kazi kwenye mwasho. Muuzaji akikupa vidonge vya rangi mbili kwa ajili ya vipele vya mbu, muulize ni vya nini.

Angalia nani amekuuma

Vipele vya mbu hutokea hapa na pale kwenye sehemu zisizofunikwa, na hupungua ndani ya siku chache. Vikija vipya kila asubuhi, vingi kwa pamoja au kwa mstari kama mtu amepita akidonoa, fikiria kunguni. Kagua mishono ya godoro, viungo vya kitanda na nyufa za ukuta wa udongo. Utaona madoa madogo meusi au ya damu. Kunguni hawajulikani kuambukiza magonjwa, lakini wananyima usingizi, na wanaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kulala kwa jirani wiki mbili hakuwaondoi. Joto linawaua. Mwagia fremu ya kitanda maji yanayochemka, fua nguo na mablanketi kwa maji ya moto, ziba nyufa kwa udongo, na siku ya jua kali funika godoro kwa plastiki nyeusi mchana kutwa huku ukiligeuza. Utahitaji kurudia. Mayai yaliyobaki yatatotolewa.

Viroboto huuma zaidi vifundo na miguu, nao hutoka kwa mbwa, paka, mbuzi au panya. Kwa waliotoka Ituri neno moja zaidi. Huko bado kuna ugonjwa wa tauni, ambao viroboto wa panya huuleta kwa binadamu. Ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba bila kutegewa sumu, usiwashike kwa mikono, toa taarifa kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mtu akipata homa ya ghafla na uvimbe unaouma kwenye kinena au kwapa, aende kituoni siku hiyo hiyo. Tauni inatibika kwa antibiotiki, ila haitoi muda.

Funza, wengine humwita tekenya, hauumi na kuondoka. Jike anazama kwenye ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha na kisigino, na kujaza mayai humo. Unaona doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Hatari kubwa ni pini moja inayozunguka kutoka mtoto hadi mtoto, kwa kuwa inaweza kuhamisha Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na pepopunda. Osha mguu kwa sabuni, mpeleke mtoto kituo cha afya watoe kwa kifaa safi, na uliza kama amechanjwa pepopunda. Nyumbani, nyunyizia maji sakafu ya udongo na ifagie kila siku, na mtoto avae viatu kama vipo.

Yupo pia mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu, anayefuata taa usiku. Huyu hang'ati. Ukimponda kwenye ngozi, maji ya mwili wake yanaunguza, na kesho yake unaamka na mchirizi wa malengelenge. Akitua kwako mpulize aondoke, na kama umemponda osha mara moja kwa sabuni kabla hujagusa macho.

Mwasho wa usiku unaoshika familia nzima

Kama kuna sehemu moja ya makala hii ya kumsomea jirani, ni hii. Kama unawashwa zaidi usiku, kama vipele viko katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, kwapani, kwenye matiti au sehemu za siri, na kama mtu mwingine unayelala naye pia anajikuna, huenda hujaumwa na mbu. Huenda ni ugonjwa wa upele, ambao ndugu zetu kutoka Kongo wengi wanauita gale. Kwa watoto wachanga vipele huonekana hata kwenye viganja na nyayo.

Upele unaletwa na kijidudu kidogo sana kinachochimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Unapatikana kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, na pale familia ya watu saba inapolala chumba kimoja hauhitaji msaada kuenea. Si dalili ya uchafu. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku anaupata. Aibu ndiyo inayofanya watu wauguze kimyakimya kwa magadi na krimu kwa miezi mitatu, wakati dawa ipo. Mara ya kwanza mtu anapoambukizwa, mwasho unaweza kuchelewa wiki 2 hadi 6. Kwa hiyo yule ambaye bado hajikuni anaweza kuwa tayari anao na anawapa wengine.

Hakuna dawa ya nyumbani inayoua kijidudu hiki. Kituo cha afya kitakupa losheni ya benzili benzoeti au permethrini, au vidonge vya ivamektini. Wote wanaolala nyumba moja watibiwe siku moja, pamoja na wasiowashwa. Hapo ndipo matibabu mengi yanaposhindwa. Anatibiwa mtoto, mama anabaki, na baada ya wiki mbili mtoto anarudi kule kule. Wanywe au wapake kama walivyoelekezwa, na warudie dozi wakiambiwa. Siku hiyo hiyo fua nguo na mashuka kwa maji ya moto na uanike juani. Blanketi lisiloweza kufuliwa lifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku kadhaa, angalau 3. Kijidudu hakiishi muda mrefu mbali na mwili wa mtu. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya kutibiwa hata kama vijidudu vimekufa, kwa hiyo usianze kujipaka losheni kila siku ukidhani haikufanya kazi. Ngozi itaungua.

Kuacha upele bila matibabu kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye ngozi. Vidonda vya kujikuna vikiingiwa na bakteria aina ya streptokokasi, vinaweza baadaye kuathiri figo. Mtoto mwenye vidonda vya ngozi akianza kuvimba uso asubuhi, au mkojo wake ukawa mweusi kama chai au kola, mpeleke kituoni bila kusubiri.

Homa si sehemu ya mwasho

Kuumwa na mbu kunawasha. Hakuleti homa usiku ule ule. Malaria huanza kuonekana mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, wakati kipele chenyewe kimeshasahaulika. Kwa hiyo mtu mwenye homa, baridi, maumivu ya kichwa au kutapika apimwe, awe na alama za mbu au asiwe nazo. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kupimwa na mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kwa tone la damu ya kidole. Usisubiri zaidi ya siku moja. Malaria ya eneo hili inaweza kuwa kali ndani ya saa 24, na mama mjamzito au mtoto mdogo ndio wanaozidiwa haraka.

Usimchukulie pia kila mwenye vipele na homa kuwa ameumwa na wadudu. Ugonjwa wa mpox umeripotiwa Kongo na Uganda. Vipele vyake mara nyingi huuma kabla ya kuwasha, vinajaa maji kisha usaha, vinaweza kutokea usoni, viganjani, nyayoni au sehemu za siri, na tezi za shingo au kinena huvimba. Mtu wa namna hiyo asilale na wengine na aonwe na mhudumu wa afya.

Nenda pia kituo cha afya kama sehemu iliyoumwa inazidi kuvimba na kuuma baada ya siku mbili au tatu, kama inatoa usaha, au kama mstari unapanda kutoka kwenye kidonda kuelekea kinena au kwapa. Vitabu vingi vinasema "angalia wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono. Papasa kama pana joto kuliko upande wa pili, kama ngozi ni ngumu na inang'aa. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, kisha angalia kesho asubuhi. Ukivuka mstari, usingoje zaidi.

Nyuki na nyigu ni suala jingine. Toa mwiba wa nyuki haraka, kwa ukucha au kwa chochote kilicho karibu, kwa sababu unaendelea kuingiza sumu. Osha, weka baridi. Lakini mtu akivimba midomo, ulimi au uso, akipumua kwa shida, akiota mabaka mwili mzima au akizimia, hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa. Chukua pikipiki ya kwanza inayopita.

Ukifika kituoni

Vituo vya afya vya serikali na vile vinavyoendeshwa na mashirika ndani ya makazi vinawahudumia wakimbizi na wenyeji bila malipo. Mwambie mhudumu mwasho ulianza lini, ni wakati gani wa siku unazidi, nani mwingine nyumbani anajikuna, na taja kila kitu ulichopaka, hata kama ni mafuta ya taa au krimu ya kung'arisha. Hakuna atakayekukamata kwa hilo, na bila kujua anaweza kukupa dawa isiyofaa. Kama hamwelewani kwa lugha, omba mkalimani kabla ya kuingia chumbani, au nenda na mtu mzima unayemwamini badala ya kumtumia mtoto wako kutafsiri habari za sehemu za siri.

Wakati mwingine dawa inakuwa imekwisha kwenye stoo. Ikitokea hivyo, uliza itakuja lini, na mwombe mhudumu aandike jina la dawa na kipimo kwenye karatasi. Ukifika dukani mwonyeshe muuzaji karatasi hiyo, linganisha herufi kwa herufi na zilizo kwenye boksi, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa.